Kinyamazishi Kilichomeza Msiba

Priampu yangu ilikuwa na kasoro moja tu, nayo ilisikika mtaa mzima. Kila nilipoiwasha na kila nilipoizima, spika zilitoa mlio mmoja mzito: pu! Baada ya hapo ilikuwa na adabu kuliko redio zote za Nguvumali. Sauti safi, besi imetulia, hakuna kukoroma wala kuvuma. Lakini pu ya kuingilia na pu ya kutokea zilikuwa lazima, na mimi nilikwisha kuzizoea hata nikawa sizisikii.

Kwa asiyejua mambo haya, priampu ni kisanduku kinachokaa kati ya redio na amplifaya. Huipokea sauti ikiwa bado dhaifu, huisafisha, huipimia besi yake, halafu ndipo huikabidhi amplifaya iende ikapige kelele. Yangu niliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa vitu vya redio mbovu na vingine vya kununua. Kazi yangu hasa ni kushona makochi, na watu huona ajabu fundi makochi kujitia kwenye mambo ya saketi. Mimi naona ajabu wao kuona ajabu. Jirani yangu anafuga njiwa na hakuna anayemuuliza.

Kwa kuwa makochi ndiyo niyajuayo, sanduku la priampu nililitengeneza kama kochi: fremu ya mbao, sponji kidogo juu, na ngozi ya bandia ya rangi ya damu ya mzee iliyobaki kwenye kazi ya mteja. Mke wangu alisema linafanana na kigoda cha mtu mfupi. Paka wetu aliliona ni kitanda chake. Alilala juu yake kutwa kwa sababu ya joto la transfoma, na akiamka alinoa kucha palepale, mpaka ile ngozi ikawa inaning'inia vipande vipande.

Halafu akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mjane wa Konde, Pemba. Ana kishamba cha mpunga, ana mikarafuu michache, na ana nyumba aliyokuwa akikaa peke yake. Siku moja aliteleza kisimani, akalala pale na mguu umevimba mpaka watu walipomkuta. Tangu hapo mke wangu, ambaye ndiye mtoto wake wa pekee, hakupata raha. Alimwomba mama yake ahamie Tanga moja kwa moja, akaomba na kuomba, na mwisho mama akakubali kuja kutazama. Kutazama nini, hakusema.

Alikuja na begi moja la kijani, kubwa, la ngozi ngumu, na hakutoa vitu vyake ndani ya begi hilo. Akitaka kanga, alifungua zipu, akaitoa, akafunga zipu. Mke wangu akawa analisoma lile begi kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso. Likiwa uvunguni mwa kitanda, mama ametulia. Likiwa limesogezwa pembeni mwa kitanda, kuna jambo. Likiwa karibu na mlango, siku hiyo mimi sikusemeshwa.

Mbona mimi? Kwa sababu ya pu.

Ya kwanza ilimkuta siku ya pili tu. Nilikuwa nimempa heshima ya kukaa kwenye kochi zuri, karibu na spika ya kushoto. Umeme ulikuwa umekatika, yeye anavuta tasbihi yake kwa utulivu, umeme ukarudi. Pu! Tasbihi iliruka ikaangukia kwenye sufuria ya maji. Mama mkwe alishika kifua, akasema "Lahaula!" na baada ya kupumua kidogo akamgeukia paka.

"Wee paka," akamwambia, "hivi mwenye nyumba ajua kama mie nina moyo mmoja tu?"

Hapa lazima nieleze. Mama mkwe alilelewa kwamba mkwe wa kiume haambiwi jambo la kuudhi usoni. Salamu nilimpa, "Shikamoo mama," naye aliitikia vizuri, "Marahaba." Lakini ikiwa chai haina sukari, au mlango unalia, au mimi nimekohoa sana, habari hiyo aliambiwa paka, kwa sauti ya kunifikia. Nami, kwa kuwa sikutaka kuonekana sina adabu, nilimjibu paka huyohuyo.

"Paka," nikasema, "mwambie mama ni umeme tu umerudi, hakuna ubaya."

Paka alikuwa amelala juu ya priampu. Hakufikisha salamu ya mtu yeyote.

Utasema, si uizime tu hiyo redio? Hapo ndipo hujamjua mama mkwe. Alikuwa haondoki kwenye redio. Tanga tunaisikia Pemba kuliko tunavyoisikia Korogwe, na mama mkwe alisikiliza matangazo ya vifo ya visiwani kama wengine wanavyosikiliza mpira. Simu hakuiamini. Alisema simu humpigia yule anayependwa, redio humwambia kila mtu. Na kwenye redio yake ndogo ya huko kwao, alimweleza paka, mtangazaji alisikika kama amefungiwa ndani ya kopo, lakini kwenye chombo hiki cha mwenye nyumba alikuwa kama amekaa hapahapa mkekani, mpaka anasikika akifunua karatasi. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo. Basi alikuwa anaitaka priampu yangu iwake tangu asubuhi, ila hakuitaka pu. Na umeme wa mtaani kwetu mnaujua, huja na kuondoka unavyopenda.

Begi likatoka uvunguni. Wiki ile ile likafika karibu na mlango.

Mke wangu alinifuata uani nilikokuwa nikipigilia misumari fremu ya kochi. Hakupandisha sauti, na mimi namjua, asipopandisha sauti ndiyo mbaya.

"Bwana, mama anatafuta sababu tu ya kurudi," akasema. "Anaona haya kukaa kwa mkwe. Sasa wewe umempa sababu, tena ya kelele. Akiondoka safari hii harudi tena. Ataanguka kisimani siku nyingine, na habari zake nitazipata kwa hiyohiyo redio yako."

Nikaweka nyundo chini, nikaenda kuifungua priampu.

Dawa ya pu nilikuwa naijua siku nyingi, uvivu ndio ulionizuia. Ni saketi ndogo ya kunyamazisha. Unaweka rilei kwenye njia ya kutokea sauti. Rilei ni kama mlango mdogo wa chuma unaofunguliwa kwa umeme. Ukiwasha, mlango umefungwa, pu inapigwa humohumo ndani na haitoki. Wakati huo kuna kapasita inajaa umeme polepole, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba lenye maji machache. Ikishajaa, rilei inavutwa, inalia ta! na sauti inatoka ikiwa imetulia. Nilimtoa paka kwa nguvu, nikachuna sehemu ya ile ngozi iliyobaki, nikachomelea vitu vyangu, nikaita nyumba nzima kuja kushuhudia.

Mama mkwe alikaa mbali, kanga imeziba masikio, paka mapajani. Nikazima. Nikangoja. Nikawasha. Kimya. Ta! Halafu kaswida ikaingia taratibu. Mama mkwe akashusha kanga sikio moja, halafu la pili.

"Wee paka," akasema, "hapo mtu kafanya jambo."

Nilitembea siku nzima kama niliyevikwa joho. Nilimweleza mfuga njiwa, nikamweleza mteja aliyekuja kudai kochi lake ambalo sikuwa nimeligusa. Kesho yake umeme ukapepesa macho, ukaenda na kurudi kabla hujamaliza kusema "umekatika", na spika zikatoa pu ambayo haijapata kusikika. Nadhani ilikuwa imejiwekea akiba. Mama mkwe alikuwa anakunywa uji. Sitaki kueleza uji ulifika wapi.

Nilikaa na ile saketi nikiitazama kwa hasira mpaka nikaelewa. Mimi nilikuwa nimeijaribu kistaarabu: nazima, nangoja, nawasha. Umeme wetu haungoji. Ulikwenda na kurudi huku kapasita ikiwa bado imejaa, na rilei, maskini, haikujua kama kuna jambo lililotokea. Ilikuwa imeacha mlango wazi. Basi nikavuta waya mwingine moja kwa moja kutoka kwenye transfoma, ili umeme ukipotea hata kwa kupepesa tu, kapasita imwagwe papo hapo na mlango ufungwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe, na ningeishia hapo mambo yangekuwa mengine.

Lakini nilikuwa nimekasirika. Nikachomoa ile kapasita ya kwanza, nikaweka kubwa niliyoitoa kwenye televisheni mbovu, nene kama betri ya tochi. Nikasema, sasa utanyamaza ujue umenyamazishwa. Baada ya hapo, kila umeme uliporudi, priampu ilikaa kimya kiasi cha mtu kusoma Alhamdu kwa vituo vyake na Qulhuwallahu juu yake. Niliijaribu kwa kuwasha na kuzima ovyo ovyo kama mwendawazimu. Hakuna pu. Mama mkwe hakusema kitu kwa paka, na hiyo ilikuwa sifa. Begi likarudi uvunguni. Mke wangu alipika nguru wa kupaka, akaniwekea kipande cha tumbo, na kwa siku chache nikawa mkwe mzuri kuliko wakwe wote wa Tanga.

Siku ya tukio umeme ulikatika tangu asubuhi. Ulipokaribia wakati wa matangazo ya mchana mama mkwe alishakaa mahali pake, anaitazama redio iliyozimika kama mtu anayemtazama mgonjwa. Umeme ukarudi saa ileile. Taa ya redio ikawaka. Priampu ikawaka. Kimya. Mama mkwe akainamia spika. Kimya bado, kapasita yangu nene inajaa bila haraka yoyote. Halafu, ta!

"...kilichotokea leo asubuhi huko Wete. Maziko yatakuwa kesho saa nne. Habari iwafikie ndugu wote wa Konde, wa Micheweni, na jamaa walioko Tanga, mtaa wa Nguvumali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Mara likafuata tangazo la mbuzi aliyepotea. Mbuzi yule alielezwa rangi, pembe, na sikio lililokatwa ncha. Marehemu wetu hatukujua hata kama ni mwanamume au mwanamke.

Mama mkwe aligeuka taratibu. "Paka," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha, "ni nani kafa?"

Paka akamtazama. Mimi nikaitazama priampu. Jamaa wa Konde walioko Tanga, Nguvumali, ni nani kama si sisi? Mama mkwe akaanza kulia, na mke wangu aliyekuwa jikoni akatoka mbio, na alipoambiwa kuna kifo akalia na yeye, na ndipo alipouliza kifo cha nani.

Huku kwetu kilio hakingoji maelezo. Jirani wa ubavuni, mama wa Kidigo, aliingia na mkeka kwapani kabla sijafika mlangoni. Nyuma yake akaja mama muuza mchicha, Msambaa, Mlutheri, na viti viwili vya plastiki kichwani, akavitua, akanishika mkono kwa huruma.

"Pole sana baba. Ni nani aliyetangulia?"

"Bado hatujajua."

"Eee, pole. Alikuwa akiumwa?"

"Bado hatujajua, mama."

Akatikisa kichwa, akasema Mungu awatie nguvu, akaenda kukaa. Wanaume walikuja na turubai. Nilijaribu kuwazuia, nikawaambia ngojeni kwanza, tuna wasiwasi kidogo na habari yenyewe, wakanipigapiga bega wakaambiana kwamba mshtuko huo, mwacheni. Mfuga njiwa akaanza kuchimba shimo la nguzo mbele ya baraza yangu. Ndani wanawake walishabandika sufuria kubwa ya wali. Haukupita muda mrefu tukawa na msiba kamili, wenye kila kitu isipokuwa maiti.

Ikabidi kupiga simu Pemba. Naomba ufikirie ugumu wa simu hizo. Huwezi kumpigia mtu ukamuuliza kama yu hai. Mke wangu alikuwa anabonyeza namba, anampa mama, na mama akisikia sauti ya mwenyewe anasema "Alhamdulillahi!" kwa nguvu zote, halafu inambidi atafute maneno ya kuendelea. Kaka yake alipoitikia aliulizwa bei ya karafuu. Mpwa wake mmoja aliulizwa bei ya karafuu. Shangazi yake mkongwe, ambaye kwa umri ndiye tuliyemdhania zaidi, aliachiwa mwisho kwa kuogopewa, na alipopokea simu alisikiliza kidogo akashtukia.

"Wanipigia kutazama kama nimekufa?" tukamsikia wote, maana yule shangazi huongea na simu kana kwamba Pemba ni mbali. "Bado! Wewe je?"

Orodha ya watu wake ikaisha na wote walikuwa hai. Mama mkwe alikuwa anamrudishia mke wangu simu kila mara akiwa amechanganyikiwa zaidi. Nilimsikia akimnong'oneza paka kitu kama, huyu naye yuko Unguja, tangu lini? Sikulitilia maanani wakati ule, kwa sababu nilikuwa nimeona jambo baya zaidi. Alikuwa ameingia chumbani, akatoka na lile begi, akaliweka mlangoni, si karibu na mlango, mlangoni penyewe.

"Wee paka," akasema, "boti ya asubuhi hainiachi. Maziko ni saa nne."

"Mama, maziko ya nani?" mke wangu akauliza.

"N'tajua nikifika."

Mke wangu alinitazama, na katika kuishi naye kote sijapata kutazamwa vile. Alikuwa anauona ule mguu, kile kisima, na nyumba yenye mtu mmoja, na yote hayo alikuwa ameyaweka juu ya kapasita yangu. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikakumbuka kwamba matangazo hurudiwa jioni. Nilikwenda kwenye priampu, nikamshusha paka, nikafungua kifuniko mbele ya msiba mzima, nikachukua kipande cha waya nikakiunganisha juu ya rilei, huku na huku, ili mlango ukae wazi daima. Saketi yangu yote ya kunyamazisha ikawa kazi bure. Mzee mmoja aliyekaa na tasbihi mkononi aliniuliza kama hicho ndicho chombo cha kusomea hitima. Nikamwambia, kwa leo, ndicho.

Jioni waombolezaji wote walikusanyika mbele ya spika zangu. Sijapata kuwa na wasikilizaji wengi kiasi kile, na sitapata. Watu walikuwa kwenye mkeka, dirishani, barazani, wanakunywa kahawa kwa sauti ya chini. Taarifa ya habari ikaisha. Mtangazaji akasema sasa ni matangazo ya vifo, na papo hapo umeme ukakatika.

Msiba wote ulisema "Aaah!" kwa pamoja. Mfuga njiwa alitamka neno lisilotamkwa msibani. Mke wangu alifumba macho. Tukakaa gizagiza tukisikia tu vikombe.

Pu!

Watu walitawanyika. Mama wa Kidigo alimkumbatia mama muuza mchicha, mzee wa tasbihi alimwagia kahawa kanzu yake nyeupe, mtoto akalia, na kuna mwanaume mzima nisiyemtaja aliyekimbilia nje akang'oa nguzo ya turubai. Aliyetulia alikuwa mtu mmoja tu. Mama mkwe alikuwa ameinua kidole juu, macho kwenye spika.

"Haya, umerudi," akasema. "Nyamazeni."

Tukanyamaza. Na tangazo letu, ambalo kwa bahati halikuwa la kwanza, likaja lote, tangu mwanzo, safi, mpaka karatasi ikasikika inafunuliwa. Marehemu alitajwa jina lake na jina la baba yake na la babu yake. Hakuwa mtu wetu. Watu wake walitajwa mmoja mmoja, na yule wa Tanga, Nguvumali, hakuwa mke wangu wala mama mkwe. Tulikuwa tumemlilia mtu wa watu tangu mchana.

Hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Nilimwona mfuga njiwa anaangalia sufuria ya wali. Aliyesema kwanza ni mama muuza mchicha.

"Hao nawajua," akasema. "Si wale wapangaji wageni nyuma ya mashine ya kusaga? Wananunua mchicha kwangu. Wamehamia juzijuzi, hawajamjua mtu."

Mama mkwe akainuka. Ule mguu mbaya ulimsumbua, akashika bega la binti yake. "Wee paka," akasema, ingawa paka alikuwa ameshakimbia pu na hakuwapo, "waambie hawa watu. Msiba twaujua ulipo. Twangoja nini hapa?"

Basi tukauhamisha msiba. Turubai lilishushwa likakunjwa, mikeka ikaviringishwa, sufuria ya wali ikabebwa na wanaume wawili kwa miti, viti vya plastiki vikarudi kichwani, na sisi wote tukakata mtaa kwa mtaa, mama mkwe mbele anachechemea. Waliotuona njiani waliuliza, wakaambiwa, na baadhi yao wakafuata. Nyuma ya mashine ya kusaga tulimkuta mume na mke na bibi mmoja mzee wamekaa ukumbini, taa moja, hakuna hata mkeka wa kumkaribisha mtu. Walikuwa wamepata habari kwa simu tangu asubuhi, na kutwa nzima hakuna aliyebisha mlango wao, kwa kuwa hakuna aliyejua. Walipotuona tunaingia na turubai na wali wa watu wa mtaa mzima, yule mume alisimama akampokea mama muuza mchicha viti vyake. Bibi mzee alikuwa mtu wa Konde, wa ng'ambo tu ya bonde la mpunga la mama mkwe. Wakatazamana, wakakumbatiana, wakalia. Kile cha mchana kilikuwa kilio cha kubahatisha, hiki kilikuwa na mwenyewe.

Boti ya asubuhi iliondoka, na mama mkwe alikuwa nyuma ya mashine ya kusaga anamenya vitunguu. Alikwenda kule kila siku mpaka hitima ilipokwisha, na hitima ilipokwisha akaendelea kwenda.

Asubuhi moja nilikuwa nimeinama juu ya priampu, nayo iko uchi wa mnyama, mbao tupu, maana paka alishamaliza kuichana ngozi yote. Nikasikia nyuma yangu: "Mwanangu."

Niligeuka kutafuta ni nani anayeitwa. Chumbani hakukuwa na mtu mwingine. Paka alikuwa uani.

"Mwanangu," mama mkwe akasema tena, macho yake kwangu, "pu yangu wanregeshea lini?"

Nilikuwa nimeutoa ule waya na kurudisha kinyamazishi, kwa kudhani nafanya wema. "Mama, si ilikuwa inakushtua?"

"Yanshtua, ndiyo. Na mtu akikupigia hodi ghafla si washtuka? Lakini wajua kuna mtu. Nikiisikia pu, najua umeme umerudi, natega sikio. Bora nishtuke kuliko nikae nimetulia na watu wafa."

Nikamwambia nitaweka kapasita ndogo inayojaa haraka, mlango ufunguke mapema, pu itoke kidogo tu, ya adabu. Akafikiri, akakubali. Halafu akakaa kwenye kochi, upande wa spika ya kushoto.

"Siku ile niliwapigia wote," akasema. "Kaka yangu yuko Unguja kwa mwanawe. Mpwa wangu kamchukua mama yake. Hata yule shangazi, na ukali wake wote, akaa kwa mkwewe. Kumbe mie peke yangu ndiye niliyekuwa nikijitia kulinda nyumba, na huko hamna aliyekuwa akinisubiri."

Nikashika bisibisi. Yeye akainuka, akaenda chumbani, akarudi na lile begi la kijani. Alikuwa amelikung'uta. Halikuwa na kitu ndani, hata uzi.

"Paka kakichania chombo chako nguo yake," akasema. "Ngozi hino ngumu, haiwezi. Likate ukivishe."

Nililikata saa ileile, kabla hajabadili mawazo. Ni kazi niliyoishona kwa mkono polepole kuliko makochi yote ya wateja wangu, na mfuko wa pembeni wenye zipu niliuacha ulivyo, ukakaa ubavuni mwa priampu. Mke wangu aliporudi sokoni alisimama mlangoni na kikapu mkononi, akalitazama lile sanduku la kijani. Akaweka kikapu chini. Akaigusa ile zipu, akaivuta, akaona hamna kitu, akaifunga. Mimi nilikuwa palepale, na mama yake palepale. Akainama, akambeba paka aliyekuwa amerudi miguuni petu, akauficha uso wake kwenye manyoya yake.

"Paka," akasema, "ahsante."